Wikiendi Busan na washkaji, won elfu 150 kwa kichwa zinatosha? Naomba mawazo

mtoto_wa_nyegezi
Wakuu habari za saa hizi, hasa nyie wa Rock City mliowahi kupita Korea. Mi niko Daejeon nasoma, huu mwezi wa tano na tangu nishuke Incheon sijaenda kokote zaidi ya darasani na dukani. Sasa tuko wanne, mimi, Mkenya mmoja wa Kisumu, dada mmoja Mfilipino na jamaa wa Ujiji ambaye ni Muislamu, tumepanga Jumamosi ijayo twende Busan tulale, Jumapili tugeuze. Kila mtu ana won elfu 150, nauli humo humo, kulala humo humo. Shida Mfilipino ana orodha ya sehemu kumi na mbili kaitoa kwenye video, anataka zote, na mi nikiwa mkweli nataka tu kuona maji na kula samaki wa maana maana kuku wa kukaanga nimemchoka mpaka harufu. Treni naambiwa kuna ya kasi na ya taratibu, ipi ni ipi? Na huyu wa Ujiji atakula nini, nasikia kule nguruwe ndo kila kitu.

dada_isamilo
Mdogo wangu hujambo. Nimekaa Daegu miaka miwili, saivi niko zangu nyumbani, Busan nimeenda mpaka nikaacha kuhesabu.

Treni: KTX ndo ya kasi, kutoka Daejeon ni kama lisaa limoja na nusu na kitu, won elfu 35 hivi kwenda tu, Mugunghwa ndo ya taratibu, ni masaa matatu na ushee ila bei kama nusu yake. Kwa hela yenu nendeni na KTX asubuhi mapema ili msipoteze siku, mrudi na Mugunghwa Jumapili mkiwa mmelala kwenye viti. Ila kateni mapema, tiketi za wikiendi zinaisha, mtajikuta mmeuziwa za kusimama.

Kulala. Mi mara ya kwanza nilibuku chumba sehemu flani ya bei rahisi, nafika nakuta chumba cheupe, hakuna kitanda, hakuna chochote, kabati tu. Nikarudi mapokezi nimevimba, nikijua nimepigwa, yule mama akaja taratibu akafungua kabati akatoa godoro jembamba akalitandika chini, akaniangalia kama mtoto. Kumbe ndo ondol yenyewe, sakafu inapashwa moto kwa chini watu wanalala hapo hapo. Usiku nikaamka nimeiva kama kiazi kwenye majivu maana sikujua pa kupunguzia. Kwaiyo kabla hujalipa angalia kama ni kitanda au ni sakafu, na ukikuta kidude cha namba ukutani ndo hicho cha kupunguzia moto.

Samaki sasa, hapa ndo penyewe. Mkishuka stesheni ya Busan pandeni metro laini namba 1, kituo cha tatu ni Jagalchi, soko la samaki. Ni Mwaloni ya Kirumba kabisa, wamama wamevaa mabuti na maglavu wanaita wateja, ila samaki wako hai kwenye matanki. Chini unachagua samaki, juu unapikiwa, na huko juu kuna hela ya meza kwa kila kichwa, wengi hawaijui wanaishia kugombana wakati wa bili. Uliza bei yote kabla hajamtoa samaki kwenye maji. Na usiseme "hoe" kama hutaki mbichi, maana atakukatia hapo hapo bado mkia unacheza. Sema "gui", hiyo ni ya kuchoma.

Wa Ujiji asile supu inayoitwa dwaeji gukbap, ndo chakula cha sifa cha Busan na ni nguruwe mtupu, neno "dwaeji" alikariri kama jina lake. Hata tambi za baridi za milmyeon aulize supu imechemshwa na nini. Samaki wa kuchoma na wali, hana presha. Msikiti upo, Al-Fatah, metro hiyo hiyo laini 1 kituo cha Dusil, ila ni mbali na baharini.

mzee_wa_capripoint
Korea sijafika ila hapa lazima nichangie. Hiyo KTX inakimbia kama 300 kwa saa, na treni zetu za umeme za SGR zimetengenezwa na Hyundai Rotem wa huko huko, zetu mwisho 160. Mwanza bado tunasubiri reli ifike, kwaiyo kijana ukipanda panda na kwa niaba yetu. Na daraja lao la pale Busan mnalolisifia lina urefu gani? Sisi Kigongo–Busisi letu ni kilomita 3.

dada_isamilo
Mzee wangu shikamoo, lile la Gwangan ni kilomita 7 na kitu 😂 tuliache tu. Ila uko sahihi kulikumbusha, kijana jioni ya Jumamosi msiende kokote, kaeni ufukwe wa Gwangalli mbele ya hilo daraja, kila Jumamosi usiku wanarusha drone nyingi zinachora picha angani, bure, labda upepo ukiwa mkali ndo wanaahirisha. Metro inakata karibu na saa sita usiku, msijisahau.

buzuruga_boy
Mi napingana kidogo. Wikiendi moja Busan mtaishia kuona migongo ya watu. Mngeenda Gyeongju, ilikua makao ya ufalme wa Silla, makaburi ya wafalme ni vilima vya nyasi katikati ya mji, unatembea tu, halafu kuna hekalu la Bulguksa liko kwenye urithi wa dunia tangu 1995. Kumetulia. Ubaya stesheni ya KTX iko nje ya mji inabidi upande basi.

dada_isamilo
Gyeongju pazuri sikatai, ila huyu kasema anataka maji na samaki, unampeleka makaburini? Kwenye ile orodha ya Mfilipino mwachieni moja tu, Gamcheon. Ni nyumba zimepandana mlimani, walianzia wakimbizi wa vita vya Korea, baadae ndo wakaja kupaka rangi. Mtu wa Mwanza ukiiona utacheka, ni Mabatini iliyopakwa rangi, na ngazi zake zinaua magoti vilevile. Iko karibu na Jagalchi, basi dogo linapanda mpaka juu.

Af kabla sijasahau, pale Jagalchi pembeni wanauza myeolchi wakavu. Dagaa hao. Wana chumvi zaidi ya wa kwetu, ila ukiwaloweka kidogo ukawakaanga na kitunguu na nyanya utalia.

mtoto_wa_nyegezi
Dada wabeja sana, yani umemaliza kila kitu. Nimewasomea wenzangu hapa, Mfilipino kakubali kubaki na Gamcheon ila kanuna. Tatizo jipya ni huyu wa Kisumu, kaona picha ya myeolchi anasema hiyo ni omena, nikamwambia ni dagaa, wa Ujiji nae kaingilia eti dagaa ni wa Kigoma tu hao wengine ni wadudu, ni saa ya pili sasa tunabishana.

dada_isamilo
Tiketi mmekata?

mtoto_wa_nyegezi
Bado 😅