Kupokea malipo ya simu na kuuza kadi za zawadi dukani, hapa Bukavu: nianzie wapi?

MamaDuka_Kadutu

Jambo yenu wote. Duka ni la vyakula, karibu na soko la Kadutu: mchele, mafuta, sukari, sabuni, unga wa muhogo. Wateja wanazidi kuomba kulipa kwa simu. Tena kuna ndugu walio Ubelgiji na Kanada wanaotaka kuwalipia wazazi wao chakula moja kwa moja, makuta (pesa) yasipitie mikono mingine njiani. Nafikiria kadi za zawadi za $10, $20 na $50, mzazi azipate kwenye simu yake kisha aje kuchukua bidhaa. Nipokelee kwenye namba yangu ya kawaida au nifungue akaunti ya biashara? Kadi nizitengeneze vipi bila kununua programu? Na vijana wanauliza kadi za Google Play na Apple, inafaa niziuze?

Kabini_Nyawera

Jambo mama. Usipokelee kwenye namba yako. Akaunti ya mtu binafsi ina kikomo cha makuta inayoweza kubeba, na duka hukifikia siku mbaya kabisa, Jumamosi wateja wakiwa wamepanga mstari. Omba akaunti ya mfanyabiashara. Kwa kawaida wanataka kitambulisho, patente (leseni ya mfanyabiashara mdogo) au RCCM (cheti cha usajili wa biashara), namba ya impo (namba ya mlipa kodi), na SIM ambayo haina akaunti nyingine. Utapewa kode fupi. Mteja anaandika kode hiyo, na jina la duka linatokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo ni kinga yako: akija kudai kesho kwamba alikosea namba, dai lake halina miguu.

Uwe na mitandao mitatu, maana mteja hatabadilisha SIM kwa ajili yako: M-Pesa (*1122#), Airtel Money (*501#) na Orange Money (*144#). Yote inakwenda kwenye simu ya vibonye bila intaneti. Nunua simu mbili za namna hiyo, ziwe za duka tu, zisitoke dukani. Betri yake inavumilia hata SNEL ikikata umeme siku mbili.

Kila akaunti ina sehemu mbili, dola na franka, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mteja anaingia upande wa franka, anaandika 20 akiwaza dola, unapokea franka ishirini. Kabla hajathibitisha, mwombe asome kwa sauti: sarafu, kiasi, jina. Ni sekunde tano tu.

Na usiamini mesaji. Mesaji ya uongo inaiga kila neno, mpaka namba ya muamala, lakini mara nyingi inatoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, na salio linalotajwa halilingani na lile uliloliacha. Fungua menyu mwenyewe, angalia salio. Mfuko hautoki mezani mpaka salio limepanda, hata mteja akiwa jirani, hata akikasirika.

Hesabu_Ibanda

Mama, kabla ya kadi angalia jambo moja la hesabu. Tangu benki za hapa zilipofunga milango mapema 2025, noti zimekuwa shida, na kugeuza makuta ya simu kuwa noti kunakula faida. Chukua mfano: umeuza mifuko minne ya mchele ya kilo 25, $25 kila mmoja, faida $1.5 kwa mfuko. Umepokea $100 kwa simu, faida ni $6. Kabini (kibanda cha wakala wa makuta ya simu) ikikukata 4% wakati wa kutoa, $4 zimekwenda. Umefanya kazi ya siku kwa $2.

Kwa hiyo tafuta kwanza mahali ambapo makuta yatatokea bila kuwa noti: muuzaji wa jumla, mshahara wa kijana wa duka, kodi ya nyumba, unite (muda wa maongezi). Zungumza na wauzaji wa jumla wako wiki hii, uwaulize nani anapokea kwa simu na kwa mtandao upi. Kama unanunua Kamembe, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kumbuka kwamba Airtel Money ya Rwanda na ya Kongo ni akaunti mbili tofauti ingawa jina ni moja. Jaribu na kiasi kidogo kabla ya kuahidi mzigo.

Sasa kadi. Daftari kubwa la kurasa zenye namba linatosha. Kila kadi mstari wake: namba ya siri, kiasi, tarehe, jina na simu ya mlipaji, jina na simu ya mpokeaji, namba ya muamala wa malipo, kisha nafasi ya kuandika alichochukua, salio na sahihi yake.

Namba ya siri iwe ya tarakimu 8 zisizofuatana. Ukiandika 0014, 0015, 0016, mwenye 0014 anajua tayari kwamba 0015 ipo. Kata vipande kumi vya karatasi, andika 0 mpaka 9, vitie kwenye kikombe. Chota kimoja, andika tarakimu, kirudishe, chota tena, mara nane.

Andika makuta kwenye kadi, kamwe usiandike bidhaa. "Mfuko mmoja wa mchele" utakuumiza lori likichelewa na bei ikipanda. Andika "$25". Bidhaa zenye bei ya franka zihesabiwe kwa kiwango cha siku ya kuchukua, kilichoandikwa ubaoni kila asubuhi. Mzazi mwenye kadi ya $20 akichukua vitu vya $14.5, andika salio $5.5 mbele yake, atie sahihi. Usimrudishie noti, la sivyo duka lako litageuka kabini bila komisyo.

Kadi iliyouzwa ni deni. Kama kadi za $400 ziko nje, rafu ziwe na uwezo wa kutoa vitu vya $400 hata wote wakija pamoja. Wakati wa Noeli watakuja pamoja.

Fundi_LaBotte

Mama, Google Play na Apple ningeziacha. Kadi ya Apple ya Marekani inaingia kwenye akaunti ya Marekani tu, ya Ufaransa kwenye akaunti ya Ufaransa. Google Play nayo inafuata nchi ya akaunti. Nchi hiyo hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, na salio la nchi ya zamani halihami nayo. Kijana atanunua, ataandika namba, itakataliwa, atarudi kwako. Wewe huna njia ya kujua kama amekosea nchi au ameshaitumia.

Tena kadi hizi ndizo matapeli wanazozipenda. Mtu anapigiwa simu: mzigo umekwama duane (forodha), au kuna kazi ya Ulaya, au mchumba wa mtandaoni ana shida. Anaambiwa anunue kadi, akwangue, atume picha ya namba. Namba ikishasomwa, thamani imekwenda na hairudi. Hakuna duane wala polisi wanaopokea malipo kwa kadi ya Apple. Ukija kuziuza siku moja, mama mzee akiomba za $200 kwa haraka, simamisha mauzo, umuulize nani amemtuma.

Kwenye kadi zako za duka naongeza kitu ambacho yaya Hesabu hakukisema: usitume picha ya kadi WhatsApp. Picha inasambazwa kwenye kundi la familia, na anayefika wa kwanza anabeba vyote. Tuma namba kwa SMS kwa mpokeaji peke yake. Kwa kadi ya $50, gawa: tarakimu nne za kwanza kwa mzazi, nne za mwisho kwa aliyelipa, naye amsomee mzazi kwa simu siku ya kwenda dukani. Mzazi akifika, piga namba yake iliyo daftarini. Ikilia mkononi mwake, endelea.

MamaDuka_Kadutu

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Rezo (mtandao) ikikatika katikati ya malipo, nani anajua kama yamepita? Na kadi niipe muda gani kabla haijaisha?

Kabini_Nyawera

Rezo ikikatika, mteja asijaribu tena papo hapo, ndiyo njia ya kulipa mara mbili. Subirini dakika 10 mpaka 15, kisha kila mmoja aangalie salio lake. Limeshuka kwake na kwako halijapanda? Andika saa, kiasi na namba ya muamala, mteja apige huduma ya mtandao wake, na bidhaa zibaki kando zikimngoja. Kwa wanaotuma kutoka Ulaya, jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo kwenye usajili wa SIM, herufi kwa herufi. Likitofautiana, makuta yanaweza kukwama.

Mtu asiyejulikana akikupigia kwamba amekutumia kwa makosa na anataka umrudishie, usimtumie chochote. Mwambie apeleke malalamiko kwa mtandao wake, wao ndio watakaorudisha kama kweli yapo.

Hesabu_Ibanda

Muda: miezi 12, uandikwe kwenye SMS yenyewe. Miezi mitatu ni midogo, mzazi anaweza kuwa kijijini msimu mzima wa kulima. Na kadi ikifikisha miezi kumi na moja, mpigie simu aje kuchukua.

Fundi_LaBotte

Kijana wa duka aweze kuangalia salio, lakini namba ya siri ya kutoa makuta ibaki kwako peke yako. Kama menyu ya mtandao wako haitenganishi haya mawili, wewe ndiye uangalie salio, hata kama foleni itakwenda polepole.