MREJESHO: Boila iliyokuwa ikijizima baridi ikipiga (Leicester, Uingereza)

Wakuu, niliuliza kwa nini boila ya gesi (mtambo wa kupasha moto maji na nyumba) inajizima asubuhi za barafu huku ikigugumia kama birika. Waliosema "bomba la nje limeganda" walipatia.

Boila za kisasa hupooza moshi wake hadi mvuke ugeuke maji, na maji hayo hutoka kupitia bomba jembamba la plastiki. Yakiganda njiani hurudi ndani, na boila hujizima ili isiharibike. La kwangu lilikuwa la upana wa milimita 21.5, limepita nje ukutani, karibu limelala.

Dharura: mwagia maji ya moto kiasi, yasiyochemka, kuanzia mdomo wa bomba na kwenye kona, ndipo ubonyeze kitufe cha kuwasha upya. Angalieni miguu yenu, maji hayo hugeuka barafu chini.

Dawa ya kudumu ni kulipitisha bomba ndani hadi kwenye bomba la maji machafu la sinki. Kwangu haikuwezekana, kwa hiyo sehemu ya nje sasa ni milimita 32, fupi iwezekanavyo, inateremka kama milimita 50 kwa kila mita, imevikwa sponji lisiloingiza maji. Plastiki tu; shaba italiwa, maji haya yana asidi.

Baridi ikizidi, siizimi usiku. Ikifanya kazi mfululizo maji hutiririka; matone machache ndiyo yanayoganda haraka.

Kufungua boila yenyewe mwachieni fundi aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza). Asanteni sana.