Hivi yule mtangazaji wa Jumapili usiku analipwa kwa kazi gani hasa??

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, kipindi chenyewe hata hakijaisha. Simtaji, mnamjua, yule anayecheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Wiki nzima katangaza kwamba leo anatuletea safari nzima ya hevi metali ya miaka ya 80, mimi nikamwambia mama watoto leo redio ni yangu, watoto wakahamishiwa chumbani, nikakaa.

Kaweka Master of Puppets ya Metallica. Nikasema kumbe jamaa siku hizi kakua. Gitaa linachanja, mwimbaji wao Hetfield anabweka, natingisha kichwa mpaka shingo ya mtu mzima inalia, tunafika pale katikati magitaa yanapopoa, na wanaoijua ngoma wanajua pale ndo pumzi inavutwa kabla nyumba haijabomolewa. HUYU MTU KASHUSHA SAUTI. Kaingia hewani na ile sauti yake ya kutangaza msiba eti "naam, wimbo mtulivu kabisa wa kufungia Jumapili yako". MTULIVU. Ngoma ya dakika 8 na nusu, haijafika hata nusu, kaweka tangazo la kubeti!

Na hapo sijagusa historia yenyewe. Kaanzia 1986 na bendi ya Europe, kile kinanda cha The Final Countdown, eti ndipo metali ilipozaliwa. 1986 si ndo mwaka wa hiyohiyo Master of Puppets na Reign in Blood ya Slayer, sasa mtoto kazaliwa na kuoa siku moja?? Aprili 1980 peke yake Judas Priest wametoa British Steel, Iron Maiden wametoa albamu yao ya kwanza, Black Sabbath waliodhaniwa wamekwisha baada ya kuondoka mwimbaji wao Ozzy wakaja na Heaven and Hell, Dio kashika maiki. Mwezi mmoja huo! Agosti watu wakajazana Donington, Uingereza, kwenye tamasha la Monsters of Rock la kwanza, Novemba Motörhead wakashusha Ace of Spades. Yeye kaona kinanda.

Lakini hayo ningemsamehe. Pale katikati jamani. Solo ile ya taratibu anapiga Hetfield mwenyewe, halafu ngoma inaanza kupanda upyaaa mpaka Kirk Hammett anakuja kuichana. Na besi ni ya Cliff Burton, kijana wa miaka 24, basi la bendi likapinduka Sweden Septemba mwaka huohuo akafa, albamu yenye ngoma hii ndo yake ya mwisho, wewe unamkatia tangazo la kubeti. MTULIVU!!! Aliye karibu naye amwambie.

Kisiki_cha_Mpingo: Kunywa maji kwanza mkuu. Wa kwanza kukomenti, naomba siti ya mbele.

Bi_Mkubwa: Mama watoto ndo kapiga simu studio, watoto walale 😂😂

Sauti_Nyikani: Bora alivyokata. Mziki wa kishetani huo, watu wanang'ata popo jukwaani.

MtuWaChuma: @Sauti_Nyikani popo ni mmoja na mng'ataji ni mmoja, Ozzy, Des Moines kule Marekani, Januari 1982, na mwenyewe alisema alidhani ni wa plastiki, akaishia kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Hayo maneno yako Wamarekani waliyapeleka mpaka Seneti Septemba 1985, Dee Snider wa Twisted Sister akaenda na jinzi yake na nywele lake lile, akawaambia mimi Mkristo, sivuti, sinywi. Kilichopatikana ni stika ya onyo kwenye kava, basi.

Mleta uzi: Tusihame mada wakuu. Kasema MTULIVU.

Kisiki_cha_Mpingo: Nyie wa Metallica kuonewa si mmezoea. Tuzo ya Grammy ya kwanza kabisa ya hard rock na metali, 1989, jamaa wamepiga ngoma yao One jukwaani, dunia nzima inajua tuzo ni yao, ikaenda kwa Jethro Tull. Watu wa filimbi mkuu. FILIMBI. Wewe unalia na tangazo.

MtuWaChuma: Hapo kwenye filimbi umetonesha kidonda 😭

Mpenda_Sebene: Mna bahati nyie hata kidogo mlipewa. Huyuhuyu jamaa juzi kaweka Mario ya Franco, tumevumilia kisa chote cha kijana anayelishwa na mama mtu mzima, tunasubiri magitaa, yanafunguka tu hivi, kaweka taarifa ya habari! Tangu nianze kusikiliza redio ile sebene sijawahi kulimaliza.

Bi_Mkubwa: Umenigusa baba. Wanadhani wimbo ukiisha maneno umeisha, kumbe maneno ni ya kuvulia viatu.

Kisiki_cha_Mpingo: Na akikata lazima aseme "muda hauturuhusu". Muda wa kusalimia mashemeji zake upo.

Mpenda_Sebene: Dakika 10 za salamu! "Namsalimia baba Asha popote alipo." Si umpigie?

Mleta uzi: Wakuu huu uzi ni wa metali.

Mpenda_Sebene: Anzisha wako mkuu, hapa tuna majonzi.

Mleta uzi: HUU NDO UZI WANGU

Fundi_Spika: Sebene halisikilizwi kwenye redio ya simu jamani. Nina sabufa hapa, kava limechubuka kidogo, inakula flashi na blututhi, njoo inboksi.

Bi_Mkubwa: Besi inatoka?

Fundi_Spika: Jirani atahama.

Sauti_Nyikani: Kwaya inapiga vizuri?

Kisiki_cha_Mpingo: Weka picha na bei hapahapa, za inboksi zilishatutoa machozi.