Nimepigwa picha na hundi ya milioni kumi, halafu nikaambiwa niirudishe

MamaMilulu:
Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na ule wa vikoba. Hili ni la jana tu na bado natetemeka.

Yule jamaa mnamjua. Wa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Kila semina ya "mwanamke na soko la kidijitali" hapa Iringa yupo, kashika maiki kama kazaliwa nayo.

Siku mbili anatufundisha kuwauzia Wamarekani vikapu vya milulu mtandaoni. "Fungueni PayPal, dola ziingie!" Nikanyoosha mkono: kaka, PayPal ya Tanzania inatuma tu, haipokei. Akasema nitafute shemeji Ulaya. Shemeji! Na ushuru je, maana tangu Agosti 2025 Marekani wamefuta msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800? Hilo eti ni awamu ya pili.

Nikanyamaza. Kikundi chetu kikaitwa mbele. Bango la hundi refu kuliko mume wangu, milioni kumi, jina letu kwa maka peni. Picha, vigelegele, mama mkwe kashapiga simu kuulizia bati. Nashuka na hundi yangu, jamaa ananigusa bega: "Mama, acha hiyo, kesho tuna Mafinga."

KESHO TUNA MAFINGA!

Akafuta jina letu palepale, mbele yangu, kwa leso na mate. Kwa mate, wakuu! Nimeanza kusuka nina miaka tisa, sijawahi kufutwa kwa mate.

Kijiwe_Nongwa:
Siti ya mbele, nimekuja na karanga.

MzeeWaMbalizi:
Kwa hiyo ulitaka upande nayo bajaji?

DadaTabata:
Wewe afadhali umeshika bango. Sisi tuliisubiri ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya wanawake. 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudi, tukaambiwa tuandike andiko upya. Hapo katikati wakopeshaji wa kausha damu wakabeba friji.

Mwamba52:
Wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mimi baba wa miaka 52 mwenye afya zangu nimekosa nini?

Kijiwe_Nongwa:
Umekosa shemeji Ulaya.

MamaMilulu:
Jamani, turudi kwenye mate.

DadaTabata:
Na friji lilikuwa na barafu za wateja ndani!

FundiMafinga:
Nipo ukumbini sasa hivi. Hundi imefika. Ina unyevunyevu.

MzeeWaMbalizi:
Chakula je?

FundiMafinga:
Pilau, nyama moja moja.

MamaMilulu:
Moja? Sisi jana tulipewa mbili.

Mwamba52:
Mbili?! Semina ya ufugaji kuku mimi nililishwa maharage.

DadaTabata:
Kuna mtu anauza friji la mtumba, milango miwili?