Naomba ushauri: nimekariri maneno ya Kilatini lakini sentensi hazifunguki

Mwl wa Kata:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari ya kata, mkoa wa Morogoro. Naomba wenye uzoefu na Kilatini wanisaidie.

Chanzo ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulikuwa kwenye uainishaji wa viumbe hai, nimeandika ubaoni Oryza sativa (mpunga), Pisum sativum (njegere) na Cucumis sativus (tango). Akanyoosha kidole: "Madam, mbona neno la pili ni lilelile lakini kila mahali lina mkia wake?" Nikamwambia tutalijibu kipindi kijacho, na tangu hapo nimeuvaa mzigo wa Kilatini mwenyewe.

Nimepakua programu ya kukariri maneno. Najua puella ni msichana, aqua maji, rex mfalme, caput kichwa, video naona. Shida inaanza nikifungua maandishi yenyewe. Namtafuta rex simwoni, nakuta regem, regis, regibus. Na hata nikipata maana ya kila neno, bado sijui nani kamfanya nani nini.

Nianze na maneno gani? Nakariri vipi? Na matamshi, nifuate ya kanisani au yale ya vitabuni? Bando langu la kuungaunga, kwa hiyo video za saa nzima mnisamehe.

Chuma Chakavu:
Madam, hiyo lugha ilishazikwa. Mwacheni marehemu apumzike. Jifunze Kichina, angalau utapata dili la ukalimani.

Frateri Mstaafu:
Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. (Kama si Mkatoliki usijali, ni mazoea tu, seminari ilinilea kabla hatujaachana kwa amani.)

Nianze na huyo mwanafunzi, maana kauliza swali la maana kuliko mengi ya humu. Sisi tunasema mtoto mzuri, kiti kizuri, ua zuri. Kivumishi ni kimoja, kinavaa sare ya nomino yake. Kilatini kinafanya hivyohivyo, ila sare yenyewe inavaliwa mkiani. Na ngeli zao ni tatu tu: ya kiume, ya kike, na isiyo upande wowote. Oryza ni ya kike, inavuta sativa. Cucumis ya kiume, sativus. Pisum haina upande, sativum. Neno lenyewe linatokana na kitenzi serere, kupanda mbegu, kwa hiyo maana yake ni "ya kupandwa", ya shambani siyo ya porini. Mwambie Mwingereza ajifunze hili utaona jasho, kwao kivumishi hakibadiliki. Mswahili analinyonya ziwani.

Sasa shida yako. Umekariri rex peke yake, na hapo ndipo programu za simu zinapowapoteza watu. Fungua kamusi yoyote ya Kilatini, utakuta nomino imeandikwa mara mbili: rex, regis. Caput, capitis. Corpus, corporis. Umbo la pili ni la umiliki, "ya mfalme", "ya kichwa", na ndilo linalokuonyesha shina. Ukitoa -is kwenye regis unabaki na reg-, na hapo regem na regibus hazikutishi tena. Ukikariri rex tupu, umekariri umbo moja ambalo hata halifanani na ndugu zake.

Na wewe kama mwalimu wa baiolojia maumbo haya ya pili unayo tayari kichwani, hujui tu. Fangasi ya kichwani, ile watoto wanaiita mapunye, hospitalini wanaiitaje? Tinea capitis. Ya mwilini? Tinea corporis. Ya miguuni ni Tinea pedis, kutoka pes, pedis. Kipindupindu je? Vibrio cholerae, yaani vibrio "ya" kipindupindu. Mbu wa dengue ni Aedes aegypti, wa Misri. Huyo -ae na huyo -i ndio "-a" yetu ya uhusiano. Kusanya majina kumi ya namna hiyo kutoka kwenye kitabu chako cha kidato cha tatu na nne, tayari una daftari la kuanzia.

Mwl wa Kata:
Aisee. Vibrio cholerae nimeifundisha miaka yote nikidhani ni jina tu kama Mwajuma.

Bwana Miti:
Mwalimu, usiikabidhi -us kwa wanaume moja kwa moja. Mkwaju ni Tamarindus indica, siyo indicus. Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina haya, aliuandika hivyo mwaka 1753 na mpaka leo ni hivyo. Waroma waliihesabu miti mingi kuwa ya kike hata ikiishia -us, na watu wa mimea wakaifuata desturi yao.

Isikushangaze, na sisi tunayo. Kiboko kina ki- ya kiti na kikombe, lakini hakuna anayesema kiboko kikubwa kimekufa. Tunasema kiboko mkubwa amekufa. Kwa hiyo kwenye daftari lako, pembeni ya kila nomino andika na jinsia yake, maana mkia peke yake unaweza kukudanganya. Agricola, mkulima, anaishia na -a kama aqua, lakini ni agricola bonus.

Nyongeza kutoka msituni: mwembe ni Mangifera indica, mnazi Cocos nucifera, mlonge Moringa oleifera. Hiyo -fera ni kitenzi ferre, kubeba au kuzaa. Wenye kuzaa maembe, wenye kuzaa kokwa, wenye kuzaa mafuta. Neno moja, miti mitatu, na yote wanafunzi wako wanaijua. Ndivyo nilivyojifunza mimi kazini, sijakaa darasa la Kilatini hata siku moja.

Wakili wa Vumbi:
Huku mahakamani tunakula maneno yakiwa yamepikwa tayari: locus standi (haki ya kufungua shauri), ultra vires (nje ya mamlaka), res judicata (shauri lililokwisha kuamuliwa). Wengi wetu hatuwezi kuyanyambua. Ila moja nalipenda, "in camera", shauri linalosikilizwa faragha. Camera ni chumba tu, hakuna picha yoyote hapo.

Mwl wa Kata:
Asanteni sana. Nomino nimeelewa njia yake. Lakini kwenye sentensi bado. Mfano "leonem homo videt". Leo ni simba, homo ni mtu, videt anaona. Nimetafsiri simba anamwona mtu, programu ikaniwekea alama nyekundu.

Frateri Mstaafu:
Kwa sababu umesoma kwa mpangilio wa Kiswahili. Sisi anayetangulia ndiye mtendaji, kwa kawaida. Kilatini hakijali nani katangulia, kinaangalia mkia. Leonem ina -em, hiyo ni alama ya anayetendwa. Homo haina, ndiye mtendaji. Kwa hiyo mtu anamwona simba. Ukitaka simba ndiye aone: leo hominem videt. Changanya maneno unavyotaka, videt leo hominem, maana haisogei. Na ile regem iliyokusumbua ni -em hiyohiyo: mfalme ndiye anayetendwa.

Na usitafute "yeye" kwenye videt, yumo ndani. Video naona, vides unaona, videt anaona, videmus tunaona. Kitenzi kimoja ni sentensi kamili kama kwetu, tofauti ni kwamba sisi nafsi tunaiweka mbele.

Kama unajua Baba Yetu, una darasa zima la bure. Sikiliza mistari miwili: "qui es in caelis" na "ne nos inducas in tentationem". Kihusishi ni "in" kotekote. Lakini caelis iko katika hali wanayoiita ablativo, ya kuwapo mahali: uliye mbinguni, umeshatulia huko. Tentationem ina -em yetu ile, akusativo, kwa sababu sasa kuna mwendo, kuna kuingizwa: usitutie katika kishawishi. Kwa hiyo "in" usiikariri kama "katika" ukaishia hapo. Iandike hivi: in pamoja na ablativo, ndani ya, in pamoja na akusativo, kuingia ndani ya. Kila kihusishi kikaririwe na hali inayokifuata. Cum, pamoja na, inataka ablativo: "et cum spiritu tuo".

Sista wa Zamu:
Kumbe! Sisi kwenye cheti cha dawa tunaandika b.d. na t.d.s. kila siku. Bis die, mara mbili kwa siku. Ter die sumendum, inywewe mara tatu kwa siku. Na a.c. ni ante cibum, kabla ya chakula, p.c. ni post cibum, baada ya chakula. Ile Rx pale juu tuliambiwa ni "recipe", chukua, amri kwa mtu wa famasi. Sarufi yake sijui ila kumbe tunaongea Kilatini wodini.

Frateri Mstaafu:
Sista, sarufi unayo. Chakula ni cibus. Ante na post zinataka akusativo, ndiyo maana cibum. Per os, kwa mdomo, hivyohivyo, ila os haina upande wa jinsia, na za namna hiyo mtendaji na mtendwa wanafanana.

Kikero:
Naona hakuna aliyegusa matamshi. Mwalimu, fuata ya kale. C ni k siku zote, v ni w. Caesar ni Kaisar. Mswahili anasema Kaisari tangu Biblia imetafsiriwa, hakuna aliyewahi kusema Chesari.

Frateri Mstaafu:
Na mimi nimeimba "in chelis" nusu ya maisha yangu, sijaungua. Mwalimu akisikiliza nyimbo za kanisani afuate za kanisani, akisoma maandishi ya Waroma afuate za Kikero. Kubwa asichanganye mezani pamoja. Kwa majina ya kisayansi asome tu kama wenzake wa idara wanavyosoma, wasije wakamwona mgeni.

Kikero:
Hapo nakubali kwa shingo upande. Ila nikuongezee jambo la matumizi, mwalimu, maana umeuliza na hilo. Kuna vitenzi havina maana moja, vinafanana na "piga" yetu. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, hakuna kipigo hata kimoja. Kilatini wanayo agere. Gratias agere ni kushukuru, vitam agere ni kuishi maisha, causam agere ni kutetea kesi. Ukiandika kwenye kadi "agere, kutenda" na kufunga kazi, utakwama kila ukurasa. Andika na mwenzake. Petere vilevile: pacem petere ni kuomba amani, urbem petere inaweza kuwa kuelekea mjini au kuushambulia, utajua kwa aliyeshika mkuki.

Orodha ya kuanzia: Chuo cha Dickinson cha Marekani kimeweka bure mtandaoni maneno takriban 1000 yanayojirudia zaidi katika maandishi ya Kilatini. Maana zake ni kwa Kiingereza, lakini ni maandishi matupu, bando lako halitalia. Usianze na majina ya wanyama na vyombo vya jikoni. Anza na vidogo: et, sed, non, si, quod, cum, per, ad, ex. Hivyo ndivyo vinavyoshika sentensi, na programu nyingi zinavipita kwa sababu havina picha ya kuchora.

Mwl wa Kata:
Nimeifungua, inafunguka vizuri. Swali la mwisho kwa leo. Nimekuta "enim" na "autem" wamezipa maana ya "kwa maana" na "lakini", ila kwenye mifano hazikai mwanzo wa sentensi. Ni mtindo tu au sheria?

Kikero:
Sheria kabisa. Enim na autem hukaa nafasi ya pili, baada ya neno la kwanza. Ukizikuta, kwenye tafsiri zirudishe mwanzo. Sed ndiyo inayokubali kutangulia. Na kuna -que, "na", yenyewe inadandia mwisho wa neno la pili: Senatus Populusque Romanus, Baraza na watu wa Roma. Ukikutana na neno refu linaloishia -que na kamusi inalikana, likate hapo kwanza kabla hujakata tamaa.

Kesho niko safarini. Maswali ya vitenzi na maumbo yake manne mwachie Frateri, anayapenda mpaka yanaudhi.

Frateri Mstaafu:
Fero, ferre, tuli, latum. Karibu, mwalimu.