Naombeni ushauri: nimepewa makala kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 niipitie, niishauri ikataliwe?

MwanaNgambo: Asalam alaykum. Mie nasomesha chuo hapa Unguja, jarida moja la nje limenipa makala niipitie kabla haijatoka, inahusu yaliyotokea mashamba baada ya tarehe 12 Januari 1964, mwandishi kahoji wazee. Majina yamefichwa, hanijui simjui. Mashahidi wachache, na mnajua mambo haya yanavyochoma watu hadi leo. Sipati usingizi.

BiMkunazini: Mwanangu achana nayo. Maiti husitiriwa, na mwaka ule kila nyumba ina lake.

DaktariMpemba: Bi mkubwa kwa heshima, kusitiri maiti ni jambo moja, kuzuia utafiti ni jengine. Mie niliandika kuhusu vijana wa unga, yaani dawa za kulevya, mpitiaji hakugusa takwimu wala nini, kasema tu naaibisha kisiwa, ikakataliwa, roho iliniuma sana. Wewe tatizo lako ushahidi au aibu? Na kwenu wapi?

MwanaNgambo: Ushahidi wallahi. Ila basi niseme, mmoja wa waliotajwa kushika mapanga ni babu yangu mzaa baba. Jina kabadilisha lakini kijiji ndo hicho, na kilema cha mkono ndo hicho. Sasa nani ataipima vizuri kama si mtu anayepajua? Ripoti ya kukataa nishaiandika, faili nimempa ami yangu athibitishe, yeye alikuwepo.

KijanaWaKiponda: Hakimu kesi ya babu yake 😂😂

MaalimChwaka: Umempa faili?! COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza Uingereza 1997, inataka mpitiaji aseme mgongano wa maslahi na asimuoneshe mtu makala bila ruhusa ya jarida. Na wale wazee wamesema kwa kuahidiwa kufichwa, ami yako akisoma tu atajua hii kauli ya fulani, na wanasali msikiti mmoja. Hilo ndo linanitisha mie kuliko hiyo ripoti.

MwanaNgambo: Ami si mtu wa fitina. Na uongo ukishatoka haurudi, makala ya yule daktari Mwingereza Wakefield ya chanjo na usonji ilitoka jarida la tiba la Lancet 1998 ikafutwa 2010, watu wanaiamini mpaka leo.

DaktariMpemba: Na huyo huyo Wakefield alikuwa analipwa na mawakili wa kesi za chanjo akanyamaza. Kunyamaza ndo unakofanya wewe.

NjiaYaPanya: Subirini jamani, mbona huyu anaijua makala mpaka kilema cha mkono? Huyu ndo mwandishi mwenyewe, imepigwa chini anataka tumlaani mpitiaji. Lete barua ya mhariri tuione.

MwanaNgambo: Siwezi, jarida litajulikana. Msiniamini basi. Ijumaa ndo mwisho, na nikimwambia mhariri si ataniuliza babu ni yupi?

MaalimChwaka: Huna haja ya kumtaja. Mwandikie una udugu na mtu aliyemo kwenye makala, na kuna mtu wa pili kashaisoma, aamue yeye kama akutoe. Faili lifute kwenye simu ya ami yako leo leo, usingoje Ijumaa.