Panya bandani, mbwa uani: mtego, gundi, sumu au paka?

MamaMayai, Morogoro
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba, kuku 120, na limepakana na stoo ya mbao ninayowekea chakula cha kuku, majembe na mbegu. Tangu mahindi ya jirani yavunwe, panya wamehamia kwangu. Walianza kutoboa magunia, wakaja kwenye mayai, na juzi nimekuta vifaranga watatu wameliwa miguu. Yupo mmoja mkubwa ajabu, mkia wake nusu mweusi nusu mweupe.
Uani nina mbwa wawili, paka anayenyonyesha na kuku wa kienyeji wanaozurura. Nawaza mtego wa kubana, gundi, sumu, au paka wa pili. Aliyejaribu zaidi ya kimoja anipe tofauti, maana madukani kila mtu anasifia chake.

Kamanda_Wa_Uani
Mama, unajichosha bure. Vijana wanaopita na spika, "dawa ya panya, mende, kunguni", pakiti elfu moja tu. Changanya na dagaa, asubuhi unaokota maiti. Mbwa wafungie.

Nyuki77
Kamanda, mimi nilifanya hivyo hivyo. Sumu niliiweka juu ya ukuta wa stoo, mahali mbwa hafiki hata akiruka. Nililosahau ni kwamba panya hali palepale, anabeba. Akaiburuta mpaka chini. Saa moja asubuhi mbwa anatetemeka, povu mdomoni. Saa mbili na nusu amekufa. Daktari wa mifugo aliniuliza amekula nini nikabaki nimeduwaa, kwa sababu pakiti ilikuwa na picha ya panya na neno "hatari", basi. Haina jina la kiambato, haina mtengenezaji.
Sumu usiyoijua jina usiiingize nyumbani kwako.

MhuduMifugo
Pole sana Nyuki77. Niongezee hapo, maana watu wanasema "sumu" kana kwamba ni kitu kimoja.
Zile za vidonge vya rangi na nta zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo, nyingi ni za kuzuia damu isigande: bromadiolone, brodifacoum. Panya hafi siku hiyo, huchukua siku kadhaa, na wakati huo anatembea akiwa amelegea, rahisi kukamatwa na paka au bundi. Sumu inabaki kwenye ini lake, kwa hiyo paka akila panya wa namna hiyo mara kwa mara naye anaumia. Mbwa aliyekula anaweza kuonekana mzima siku tatu nne, halafu ufizi unapauka, anakohoa, anatoka damu. Dawa yake ipo, vitamini K1, ila hutumika wiki kadhaa na kwa usimamizi wa daktari.
Unga wa kijivu wenye harufu ya kitunguu saumu ni zinc phosphide. Huo ukikutana na asidi ya tumbo unatoa gesi yenye sumu. Hauna dawa ya kuutengua. Mbwa akitapika baada ya kuula, fungua madirisha na usiinamie matapishi, gesi hiyo inakudhuru na wewe.
Na jamani, kumnywesha mnyama maziwa hakuondoi sumu. Mkimbize kwa daktari pamoja na pakiti yenyewe.
Huyo mwenye mkia wa rangi mbili ni panya buku. Mitego midogo ya panya wa darini haimtoshi, huyo anataka mtego wa kizimba cha wavu. Ni ukoo mmoja na Magawa, yule panya aliyelelewa hapo hapo Morogoro, chuo kikuu cha kilimo SUA, akaenda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Ukimkamata mpeleke mbali, ana ndugu wenye heshima.

Bint_Mkomani, Lamu
Paka wa pili? Nacheka. Mimi niko Lamu, mji huu paka ndio wenyewe, na panya tunao vilevile. Paka hukamata vitoto na wale wadogo. Panya mzima aliyekomaa humtazama akapita zake. Paka aliyeshiba ndiye kabisa, hageuki.
Gundi nayo usiiguse. Dada yangu aliitandaza chini ya jokofu. Usiku tukasikia kilio, kumbe mwana wa paka amenasa miguu yote minne na tumbo. Tulimtoa kwa mafuta ya kupikia, tukisugua kidogo kidogo, karibu saa nzima, naye anatuuma. Kwenye kipande hicho hicho kulikuwa na mijusi miwili. Panya hakuna.

FundiBanda
Mnazungumzia kuua, hamjazungumzia mlango. Ukiua kumi na chakula kikabaki wazi, wanakuja kumi wengine. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu.
Makosa ninayoyakuta kila siku:
Wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke. Panya mdogo anapita humo. Weka wavu wa chuma wa nusu inchi kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, na uuzike ardhini futi moja hivi, ukiukunja kuelekea nje kama herufi L. Akichimba anakutana nao.
Mlango wa stoo, pigilia ukanda wa bati chini pande zote mbili. Nafasi inayopitisha kidole gumba inampitisha panya. Matundu ya mabomba jaza stilwaya ya kusugulia sufuria, halafu ziba kwa saruji.
Magunia yatoke sakafuni na yaachane na ukuta. Bora zaidi, nunua mapipa ya bati yenye mfuniko. Vyombo vya chakula vya kuku toa kila jioni. Hili la mwisho halina gharama na ndilo watu hawalifanyi.

MamaMayai
Nimesikia mtu anachanganya unga na saruji, wakila tumbo linaganda. Na vidonge vya kabatini, vile vyeupe?

MhuduMifugo
Unga na saruji kuku wako watakula kabla ya panya. Vidonge vya kabatini ni sumu kwa paka, na panya huzoea harufu.
Mitego ya kubana iweke ndani ya sanduku la mbao lenye tundu la panya pande mbili, mbwa hapenyezi pua humo. Sanduku ligusane na ukuta, kwa sababu panya hutembea akisugua ubavu ukutani. Siku tatu nne za mwanzo weka chambo bila kutega, akizoea ndipo utege. Chambo kidogo tu, siagi ya karanga au dagaa aliyefungwa kwa uzi.
Vaa glavu unapookota. Usifagie kinyesi kikavu, kilowanishe kwanza kwa maji yenye klorini. Homa ya mgunda iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Mbwa nao huipata, waulizie chanjo.

Kamanda_Wa_Uani
Sawa, ila mwenye ghala la magunia mia mbili atategea mitego mpaka lini?

MhuduMifugo
Huyo ni kesi nyingine. Atumie sumu ya nta yenye lebo, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo na kupigiliwa ukutani, na mizoga aikusanye kila asubuhi. Uani kwa mama mwenye paka anayenyonyesha, hapana.

MamaMayai
Narudi baada ya wiki tatu. Mapipa mawili na wavu vimenila hela, mume wangu bado ananuna. Masanduku manne yamekamata 14, tisa kati yao wiki ya kwanza. Gundi nimemrudishia muuzaji. Buku aliingia kwenye kizimba usiku wa nne kwa ndizi mbivu, tumemwachia ng'ambo ya mto. Mayai hayapotei tena. Ila darini nasikia bado kuna mmoja anatembea saa nane za usiku. Fundi, uwazi ulio kati ya ukuta na bati nauzibaje bila kuzuia hewa?

FundiBanda
Wavu ule ule wa nusu inchi. Na kata tawi la mwembe lililolalia bati, ndiyo ngazi yake.